Siku Uliyotangulia Mlio

Mvara, Arua,
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Acidri,

Hujambo? Unakula? Unalala? Nimeuliza kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo Mama alivyoniagiza, na siku utakapoongea naye atataka kujua kama sikuyachanganya. Mimi naongeza langu: je, baridi ya huko Ureno imeanza, na una mtu wa kukuambia uvae sweta?

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mvua imetunyeshea vizuri. Muhogo wa Mama kule kijijini Abuku umesimama kama askari, na simsim inakaribia kuvunwa. Goti lake humsumbua kukiwa na ubaridi, lakini bado anapanda boda bila kumshika dereva, na ukimkanya anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa. Mimi koo linaniwasha, chaki na kelele za darasani, si ugonjwa. Prossy wangu, uliyemwacha akitambaa, sasa anakwenda shule na anajua kuandika jina lako.

Barua hii imekuja kwa mkono wa Patricia, binti wa jirani yetu hapa Mvara, anayekuja kusoma hukohuko Ureno. Nimemwomba asimpe mtu mwingine, akutafute mpaka bwawani. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako haipokelewi tangu mwezi ule wa mbio, na jumbe ninazokutumia hazionyeshi kama zimesomwa.

Naandika kwa Kiswahili chetu kilekile cha kambini Jinja. Baba Mlugbara, Mama Mkakwa, na jeshi katikati yao, tungeongea nini kingine? Shuleni nawafundisha watoto Kiswahili sanifu, lakini nikifika Abuku Mama ananirudisha kwenye chake, na mimi nafurahi kurudi. Sijui huko uliko unaongea na nani kwa lugha hii. Mara nyingine nikiwa nasahihisha madaftari najiuliza kama kuna siku nzima inayopita bila wewe kuisema hata kidogo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baada ya mbio ulituandikia maneno haya tu: "Nisameheni. Msinisubiri." Nimekaa nayo muda mrefu. Mwishoni nikaona kwamba wewe unaijua nusu moja tu ya siku ile. Unajua yaliyotokea majini. Hujui yaliyotokea Koboko, na aliyekuwa na wajibu wa kukueleza ni mimi dada yako.

Habari kwamba utaogelea katika mashindano ya dunia, mita hamsini mtindo huru, zilikuwa zimefika kila mahali, kuanzia hapa Arua mpaka mpakani. Watu ambao hawajawahi kuona bwawa walikuwa wanabishana kuhusu njia uliyopangiwa, kama ni nzuri au mbaya. Imamu wa Mama alikuombea, na padri wa Baba akakuombea. Nikawaza kwamba ukishindwa itabidi wakae pamoja waulizane nani hakusema sala yake vizuri.

Unamkumbuka Ladu, yule mfanyabiashara aliyekuja kutoka Sudan Kusini na kufungua kibanda cha video karibu na soko la Koboko? Siku hiyo kulikuwa na mpira, na vijana walikuwa wamejipanga mlangoni. Ladu akasimama akawaambia, "Leo mpira inangoja. Leo mtoto ya Koboko iko kwa maji." Wakanung'unika, lakini hakuna aliyeondoka.

Mama alikuja na wanawake wa Abuku nyuma ya pikapu ya Mjomba Igga, ile ya kubebea matofali. Alivaa kitenge chake cha Idi. Wewe unajua maisha yake yote amesema kibanda cha video ni mahali pa watu wasio na jembe. Siku hiyo aliingia, akatandika leso yake kwenye benchi la mbele, akakaa wima mikono mapajani, kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Ladu aliunganisha simu yake na televisheni. Mlipotokea, ninyi wote na kofia zenu na miwani yenu na zile nguo fupi, Mama alifunika uso kwa viganja.

"Hawa watu, nguo yao iko wapi?"

Kibanda kizima kikacheka. Halafu akafunua vidole kidogo, akaanza kutafuta.

"Yule yangu ni gani?"

"Wa nne, Mama," nikamwambia. "Hesabu kutoka huku."

"Wote naficha macho. Mimi najua namna gani?"

Nilitaka kusimama nimwonyeshe kwa kidole, lakini wakati huo wewe ukaweka mguu mmoja juu ya mwingine na kujikuna shingo. Mama akaruka kutoka benchini. "Ni yeye! Ni yeye! Hivyo ndivyo nasimama kama nangoja chakula!" Akaenda mpaka kwenye televisheni akakushika, yaani akaweka kiganja chake chote juu yako. Ladu haruhusu mtu yeyote kugusa kioo chake, anakisafisha mwenyewe kwa kitambaa maalumu. Siku hiyo alinyamaza. Watu wa nyuma nao, ambao hawakuona tena chochote isipokuwa mgongo wa Mama, walinyamaza. Miaka mitano hajakugusa, Acidri. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia akae.

Mjomba Igga ndiye aliyemrudisha polepole kwenye benchi.

Mbio zenyewe, ndugu yangu, ni fupi kuliko salamu za Kikakwa. Mlipanda kwenye vile vibao, mkainama, na kibanda kikawa kimya mpaka nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimeza mate. Halafu wewe ukaruka. Wengine wakakufuata. Mimi niliona umewatangulia, nikadhani ndiyo ile haraka yako ninayoijua. Sikuona kosa. Hakuna aliyeliona. Vijana wakapiga kelele, "Amewaacha! Amewaacha!" Mikono yako ilikuwa inaingia majini bila kurusha maji ovyo, vile Kocha Okuonzi alivyokuwa anakufokea ufanye pale kwenye bwawa la hoteli Arua, na mimi nilijikuta nimesimama juu ya benchi, mwalimu mzima, nimemshika bega kijana nisiyemjua.

Ukawa wa kwanza kugusa ukuta. Ukainua kichwa, ukageuka kutazama juu mahali majina yanapoandikwa. Hapo mtandao ukakatika. Picha ikaganda na wewe ndani yake, mkono ukutani, mdomo wazi.

Hatukungoja irudi. Tungengoja nini? Tuliona kwa macho yetu.

Sijui nikueleze vipi ule mtaa wa Koboko. Waendesha boda walizunguka mji wakipiga honi. Wanawake wa Abuku walipiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka kuuliza kama ni harusi. Mzee mmoja anayeuza viatu vya mitumba alimvisha Mama jozi moja miguuni, akakataa kabisa kulipwa. Mjomba Igga akapita sokoni akanunua kondoo, akampakia kwenye pikapu pamoja na wanawake, na tukaenda Abuku tukiimba, kondoo naye analia, na Mama katikati ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja na mkono mwingine ameuinua juu kama wako ulivyokuwa ukutani.

Nyumbani wakachinja. Wakasonga enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, kwenye sufuria kubwa za msiba. Ngoma ikatoka. Watu walifika kutoka Lurujo kwa miguu.

Tulikuwa katikati ya furaha hiyo pikipiki ya Kocha Okuonzi ilipoingia uani. Nilimkimbilia nikicheka. Nilidhani amekuja kucheza. Alikuwa ametoka Arua moja kwa moja bila kusimama popote, na uso wake ulikuwa na vumbi isipokuwa mahali alipojifuta. Wakampa kigoda, wakampa sahani. Aliishika ile sahani wala hakula.

Kumbe alikuwa ameangalia mbio kwa simu yake mpaka mwisho. Kwake mtandao haukukatika. Angeweza kutupigia. Baadaye aliniambia aliishika simu, akaiangalia, akaona hilo si neno la kumwambia mzazi kwa simu, akavaa koti.

Mama akaona kwamba hali kitu. "Mwalimu, kula. Nyama iko mingi."

Akasema, "Mama, nina neno."

"Sema."

"Kijana alitoka kabla ya mlio. Kidogo tu, Mama, mtu wa kawaida hawezi kuona. Lakini mashine imeona. Wamefuta jina lake."

Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na Mama. Nikaona mwili wake ukipungua ndani ya kile kitenge. Alishika nguzo ya nyumba.

"Nafuta jina," akasema. Sauti haikuwa yake. "Mtoto yangu... maji namchukua?"

Okuonzi hakuelewa upesi. Mimi ndiye niliyeelewa, nikapiga kelele, "Hapana, Mama! Hapana!"

"Iko mzima?"

"Ni mzima, Mama," kocha akasema, sasa amesimama, sahani imeanguka. "Ni mzima kabisa. Alitoka mwenyewe majini. Nilimwona akitembea. Ni mashindano tu. Wamemwondoa mashindanoni, basi."

Mama alikaa chini pale pale ardhini. Halafu akamtazama Okuonzi kwa hasira ambayo sijaiona tangu tulipovunja mtungi wa Nyanya.

"Sasa wewe natisha mimi kwa sababu gani? Mtoto iko mzima, wewe nakuja na sura ya kaburi?"

Nisikufiche, wakati huo habari ilikuwa imekwisha kuzunguka uani. Ngoma ilikufa yenyewe. Wapo waliotazama sahani zao. Mtu mmoja, sitamtaja, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba basi kondoo amekufa bure. Wengine wakaanza kutafuta leso zao na watoto wao, vile watu wanavyofanya wanapotaka kuondoka bila kuaga.

Mama akainuka. Alijipangusa vumbi, akaenda katikati ya uwanja, akasimama mahali wapiga ngoma walipokuwa.

"Nyinyi wote nasikia," akasema. "Mtoto yangu natoka mbele ya kuitwa. Ni kweli. Sasa mimi nasema kitu moja. Huyu Acidri, hata kuzaliwa hakungoja. Mwezi ya saba, katikati ya safari, ndani ya lori ya jeshi. Baba yake nasema, huyu hataishi. Mimi nafunga yeye hapa," akajipiga kifuani, "na naishi. Haraka yake ni ya zamani. Mimi najua hiyo haraka kabla ya hiyo mashine. Kuleni. Na wewe wa ngoma, nani nakuambia nyamaza?"

Kwanza alicheka bibi mmoja wa Lurujo, asiye na meno. Halafu akacheka Mjomba Igga. Halafu uwanja wote, na wengine katika kucheka huko machozi yaliwatoka, mimi nikiwa mmoja wao. Ngoma ikaanza tena. Haikuwa ile ya kwanza, siwezi kukudanganya. Ilikuwa ya chini, ya taratibu, lakini watu walicheza mpaka chakula kikaisha, na Kocha Okuonzi akaokota sahani yake, akapakuliwa tena, akala.

Jioni walipoondoka nilimkuta Mama anasugua sufuria peke yake. Nikachutama kumsaidia. Halafu akaniuliza, "Huko, maji ni baridi?" Nikamwambia hapana, wanayapasha kidogo. Akasugua tena. "Na kama anatoka kwa maji, na hiyo habari mbaya, nani nampa nguo ya kujifunika?"

Kama kulikuwa na mtu, Acidri, naomba unitajie jina lake, ili Mama amweke katika dua zake.

Ujumbe wako ulifika kesho yake. Nilimsomea kama ulivyo. Nilipofika kwenye "Msinisubiri" alininyamazisha kwa mkono. "Kungoja yeye ni kazi yangu," akasema. "Yeye hawezi kunikataza kazi yangu." Akachukua jembe akaenda shamba.

Tangu hapo kila siku akimaliza kupalilia anapanda kile kilima nyuma ya shule ya Abuku, mahali mtandao unaposhika, anakupigia. Simu yako inapokelewa na ile sauti ya mwanamke anayesema Kireno. Wiki ya kwanza Mama hakuniambia. Wiki ya pili alinivuta pembeni, akaniuliza kwa siri kama umeoa. Nikashangaa. Akasema kuna mwanamke anajibu simu yako kila siku, sauti yake nzuri, mpole, ila hampi nafasi ya kuongea. Nilimweleza kwamba si mtu, ni mashine ya simu. Akasema, "Sawa. Lakini hata kama ni mashine, si iko karibu na yeye?" Kwa hiyo bado anaongea nayo. Anaiambia mvua imenyesha. Anaiambia mbuzi mweusi amezaa mapacha. Sijui kama maneno hayo yamehifadhiwa mahali popote. Kama yamehifadhiwa, tafadhali yasikilize.

Nikuambie na mabaya, kwa sababu wewe si mtoto. Ndiyo, watu walikucheka. Kwenye stendi ya boda Koboko walikupa jina, "Kabla," na kwa muda kila aliyetaka kuruka foleni ya mafuta aliitwa hivyo. Mama alilisikia siku moja akiwa anakwenda soko. Hakugombana nao. Alisema tu, "Kabla ni mtoto yangu. Mimi ndiyo mama ya Kabla. Nani natupeleka Abuku?" Wakagombania kumbeba. Siku hizi wanamwita Mama Kabla, kwa heshima, na wanamuuliza utarudi lini. Jina limebaki, lakini meno yake yameng'oka.

Hata shuleni kwangu hapa Arua limefika. Tulikuwa na siku ya michezo, na msichana mmoja wa darasa langu alichomoka kabla ya filimbi. Wenzake wakaimba, "Acidri! Acidri!" Nilitaka kuwafokea. Lakini yule msichana alisimama katikati ya uwanja, akacheka mwenyewe, akarudi mbiombio kwenye mstari na kuinama tena. Sikusimulii hivyo ili nikupe somo. Ualimu wangu nimeuacha Ijumaa kule shuleni. Nimekusimulia kwa sababu nilisikia jina la ndugu yangu likiitwa uwanjani kwa furaha, nikageuka kukutafuta. Nilikutafuta kwa macho kabisa, kama mtu aliyesahau.

Kuna jambo jingine, na hili linahitaji jibu lako. Unajua kaburi la Baba kule kwao Inde bado ni udongo. Alipofariki hukuweza kuja kwa sababu ya makaratasi ya safari, na kila mtu alielewa. Mwezi uliopita Baba mkubwa Ayiko aliita ukoo kuzungumzia kulijengea. Akasema ifanyike Desemba, wewe uwepo au usiwepo, kwa sababu mvua inalila na ni aibu kwa mzee aliyekuwa sajini. Mama alikuwa ameketi na wanawake. Kwa desturi ya huko hakutakiwa kusema. Akasema.

"Jiwe ya kwanza, mtoto mwanaume ndiye anaweka. Na iko moja tu."

Baba mkubwa akamjibu kwa upole, "Shemeji, kijana amesema tusimsubiri. Kama hataki kuja, tumlazimishe?"

"Nani nasema hataki? Iko na haya. Haya si kukataa."

Wewe unamjua Baba mkubwa Ayiko, si mtu wa kubadilisha neno mbele ya watu. Alitazama fimbo yake muda mrefu. Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia jambo lingine kabisa, kwamba saruji ikikaa ghalani inaganda, kwa hiyo haina maana kuinunua kabla wajenzi wote hawajafika. Akageukia habari ya mpaka wa shamba. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kaburi la Baba linakungoja, na hakuna aliyetamka kwamba linakungoja.

Mimi mwenyewe nilikwenda kulipalilia baada ya kikao. Nilikaa pale nikakumbuka Baba akikushika tumbo chini ya maji kule Jinja, ziwani, akikwambia uache kupigana na maji, maji si adui. Nami nimekaa ukingoni nimeshika viatu vyenu nyote wawili. Nilikuwa nachoka kushika viatu vyenu. Leo ningetoa kitu gani nipewe tena kazi hiyo!

Kocha Okuonzi anakusalimu na anasema hivi, nanukuu ili nisikosee: "Mwambie kutangulia mlio kumewapata wakubwa kuliko yeye. Kunatibika. Kunyamaza ndiko kusikotibika." Bwawa la hotelini limefungwa kwa matengenezo, lakini ameomba lifunguliwe wakati wa likizo. Ana wasichana wanaotaka kujifunza kuogelea, nao wamemuuliza kama ni kweli alikufundisha wewe. Amewajibu ni kweli. Naona sasa wanataka kukuona kwa macho.

Sikuombi uache kuogelea wala sikuombi uendelee. Hilo ni lako na Mungu wako. Sikuombi zawadi. Usije umebeba redio wala viatu vya mtu. Kama makaratasi bado ni magumu na Desemba haiwezekani, sema haiwezekani, tutaelewa kama tulivyoelewa mara ile. Lakini washa simu. Sauti yako tu. Na ukimpata Mama usianze na kuomba msamaha, kwa sababu hatajua unazungumzia nini, ataogopa umefanya jambo lingine.

Mara nyingi napita pale kona ya soko la Arua mlipokuwa mnauza maandazi yangu wewe na rafiki zako, mkila zaidi ya mliyouza. Kuna kijana mwingine pale sasa, na mgongo wake unafanana na wako. Nimekwisha kumwita kwa jina lako mara mbili. Amenizoea, ananiitikia tu.

Patricia anaondoka kesho alfajiri, na nina salamu za watu wanaonisimamia kichwani. Mjomba Igga anakusalimu, na pikapu yake pia, bado inatembea kwa rehema. Baba mkubwa Ayiko anakusalimu; alisema, "Msalimie," akaongeza, "sana," na kwake yeye hiyo ni hotuba. Ladu anasema picha yako ilipoganda alisahau kuzima televisheni, na watu waliokuja jioni kuangalia mpira walikukuta bado umeshika ukuta. Prossy anasema njoo umfundishe kuelea, ila kwenye beseni kwanza. Wanawake wa Abuku wanakusalimu wote, na yule bibi asiye na meno anadai ulimpita bila kumwamkia siku ulipoondoka, na anangoja.

Mama alikuja jana kutoka Abuku kwa ajili ya barua hii. Amekaa hapa ubavuni mwangu tangu asubuhi, anatazama kalamu inavyokwenda. Nimemsomea yote. Amecheka mahali pa nguo fupi, na mahali pengine ametazama dirishani. Nilipomuuliza kama ana neno la mwisho alisema hana. Halafu nilipokuwa nataka kutia sahihi akanishika mkono, akasema niandike kama anavyosema yeye, nisikinyooshe Kiswahili chake:

"Mwambie, watu naenda Koboko kuona mbio. Mimi siendi kuona mbio. Mimi naenda kuona mtoto yangu. Na mimi namuona."

Mungu wa Baba na Mungu wa Mama, ambaye ni mmoja, akulinde ndani ya maji na nje ya maji, akufungulie njia na kukurudisha kwa miguu yako miwili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Eyotaru.